Kipima sukari cha kubandika mkononi na usingizi wa baada ya kula: kinaonyesha nini, kinaficha nini

Anayelegea kila baada ya mlo, macho yakawa mazito na kichwa kikakataa kazi, siku hizi hupewa ushauri mmoja: bandika kihisi cha sukari mkononi ujionee mwenyewe. Ushauri huo una ukweli nusunusu. Kihisi kinafaa, tena kinafaa sana, kwa wiki mbili na kwa swali moja: baada ya mlo huu sukari yangu inapanda na kushuka kiasi gani, na je, uchovu unafuata mwendo huo au una njia yake? Anayekinunua kwa swali hilo hatajuta. Anayetaka kimwambie kwa nini anasinzia atapata mchoro wa kupendeza na jibu ambalo huenda si lake.

Kifaa kinachopimwa hapa ni FreeStyle Libre 2 ya kampuni ya Abbott, kwa sababu kinapatikana katika nchi nyingi na kinafanya kazi bila mashine kubwa pembeni. Vifaa vya jamii yake vinatajwa pale tofauti inapomhusu mtu mwenye shida hii ya usingizi wa shibe. Ijulikane mapema kwamba Libre 2 kilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye kisukari. Mtu asiye na kisukari anakitumia kujichunguza tu. Hakimpimi ugonjwa na hakimtangazii afya.

Kifaa chenyewe, na namna ya kukibandika kisiharibike

Ni kiduara cha plastiki chenye upana wa milimita 35 na unene wa milimita 5, uzito wake gramu 5. Katikati, upande wa chini, unatoka uzi laini unaopindika, mwembamba kuliko nusu milimita, unaoingia ngozini kiasi cha milimita 5. Uzi huo haugusi mshipa. Unapima sukari iliyomo katika majimaji yanayozunguka seli, na majimaji hayo hupokea sukari kutoka kwenye damu kwa kuchelewa kidogo, kwa kawaida dakika 5 hadi 10. Kwa hiyo sukari inapopanda kwa kasi kihisi kinasoma chini ya damu, na inaposhuka kwa kasi kinasoma juu yake. Mtu aliyekaa kwenye kiti akisubiri kilele kitokee dakika ileile anapohisi kulegea atapotea kwa sababu hiyo tu.

Mahali pake ni nyuma ya mkono, kati ya bega na kiwiko, penye nyama laini isiyojikunja sana. Osha kwa sabuni ya kawaida isiyo na mafuta, kausha, pangusa kwa spiriti, kisha subiri ikauke yenyewe. Usipulize, usipepee. Spiriti ikiwa bado mbichi gundi haishiki, na siku ya nne ukingo unaanza kuinuka. Kama nywele za mkono ni nyingi, nyoa kiduara kidogo. Losheni siku hiyo iachwe kabisa upande huo.

Ndani ya boksi mna pakiti ya kihisi na kikombe cha kubandikia. Fungua pakiti, zungusha kifuniko cha kikombe kitoke, linganisha alama nyeusi ya kikombe na ile ya pakiti, kandamiza juu ya meza ngumu hadi mwisho, kisha inua. Sasa kikombe kimebeba kihisi pamoja na sindano. Usikikandamize tena popote ila ngozini. Kosa linalopoteza kihisi kizima ni kukijaribu kikombe mara ya pili mezani "kuhakikisha kimeshika". Kiweke nyuma ya mkono, sukuma kwa nguvu moja, utasikia mlio, tulia kidogo, halafu ondoa polepole ukikivuta moja kwa moja bila kukipinda. Sindano inarudi na kikombe, uzi unabaki. Pitisha kidole kuzunguka ukingo wote wa plasta mara mbili tatu.

Kisha gusisha simu au kisomaji (mashine ndogo ya mkononi ya kusomea kihisi) ili kuanza, na usubiri dakika 60 kabla ya namba ya kwanza. Anayetaka kutumia simu na kisomaji kwa pamoja aanze na kisomaji, kisha simu. Akianza na simu, kisomaji hakitakikubali tena kihisi hicho.

Kinadumu siku 14. Kinastahimili maji ya kina cha mita moja kwa dakika 30, kwa hiyo kuoga si tatizo. Kinachokitoa ni fremu ya mlango, mkanda wa mkoba na mkono wa nguo ya kubana unapovuliwa kwa haraka. Kumbukumbu yake ya ndani ni ya saa 8. Anayesoma kwa kugusisha akilala kwa muda wa saa 9 bila kukigusa atakuta pengo katika mchoro wake.

Namba zake ziaminiwe kiasi gani

Kwa watu wazima, wastani wa tofauti kati ya Libre 2 na kipimo cha maabara ni karibu asilimia 9. Maana yake ni kwamba 140 ya kwenye simu (namba zote za sukari hapa ni miligramu kwa desilita) inaweza kuwa 127 au 153 ya kweli bila kifaa kuwa kibovu. Anayeshangilia kwamba mkate huu ulimfikisha 138 na ule 146 anashangilia kelele za kifaa. Tofauti ya kufikiriwa ni ya miligramu 25 hadi 30 kwa desilita, tena iwe imejirudia walau mara tatu, kwani hata mlo uleule, kiasi kilekile, siku mbili tofauti hutoa vilele viwili tofauti. Usingizi wa jana, mwendo wa asubuhi na mlo uliotangulia vyote vinaingia humo.

Siku ya kwanza usomaji wake huyumba. Bora kukibandika jioni na kuanza kuhesabu siku inayofuata. Halafu kuna mambo mawili yanayodanganya watu mara kwa mara. La kwanza ni kulalia mkono wenye kihisi: majimaji yanabanwa, na mstari unadondoka ghafla hadi 60 au 55, kisha unaruka juu mara mtu anapogeuka. Mchoro wa namna hiyo, wenye kuta zilizosimama wima pande zote mbili, si kushuka kwa sukari. La pili ni vitamini C. Vidonge vya zaidi ya miligramu 500 kwa siku vinaweza kupandisha usomaji wa Libre 2 juu ya ukweli. Watu wenye uchovu ndio hasa wanaovinunua vidonge hivyo, kwa hiyo viachwe pembeni kwa siku hizo 14, isipokuwa vimeandikwa na daktari.

Je, kifaa kipya zaidi kingesaidia? Kwa swali hili, kidogo sana. Libre 3 ni kidogo kwa umbo na kinatuma namba kila dakika bila kugusishwa. Dexcom G7 kinaanza kusoma baada ya dakika 30 hivi, kinasoma kila dakika 5 na kinadumu siku 10 pamoja na saa 12 za ziada. Nchini Marekani, mwaka 2024, Dexcom Stelo na Lingo ya Abbott viliruhusiwa kuuzwa bila karatasi ya daktari kwa watu wazima wasiotumia insulini, wakati Libre 2 huko kilihitaji karatasi hiyo. Uchovu wa baada ya kula huchukua saa nzima au zaidi kujijenga, na namba ya kila dakika 15 inatosha kuuona. Nunua kinachopatikana kihalali mahali ulipo na kinachoelewana na simu yako. Hakiki orodha ya simu kabla ya kulipa, kwa kuwa hapo ndipo wengi hukwama.

Daftari ni nusu ya kifaa

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapokosea. Wanakusanya namba za sukari siku 14 bila namba hata moja ya usingizi, kisha wanaukumbuka uchovu kwa kuangalia mchoro: palipo na kilele wanakumbuka walichoka. Ni lazima uchovu upimwe kivyake, kabla ya kuiangalia simu.

Kipo kipimo rahisi kinachotumika katika utafiti wa usingizi, kiitwacho Karolinska, chenye namba 1 hadi 9. Namba 1 ni macho kabisa. 3 ni macho ya kawaida. 5 si macho wala si usingizi. 7 ni usingizi, ila huhitaji kujilazimisha kukaa macho. 8 unajilazimisha kidogo. 9 unapigana nao. Andika namba hiyo unapotia tonge la kwanza, kisha dakika ya 30, 60, 90, 120 na 180. Weka kengele ya simu. Andika namba ya usingizi kwanza, ndipo usome sukari. Ukigeuza utaratibu huu macho yataiamulia akili.

Ukurasa mmoja wa mfano unaonekana hivi. Saa 7:00 mchana, tonge la kwanza: usingizi 3, sukari 92. Saa 7:30: usingizi 3, sukari 131. Saa 8:00: 5 na 158. Saa 8:30: 7 na 121. Saa 9:00: 8 na 84. Saa 10:00: 5 na 88. Tazama mahali usingizi ulipozidi. Si kwenye kilele cha 158. Umezidi mstari ukiporomoka, na umefika juu kabisa sukari ilipokuwa chini ya ilipoanzia. Huyu amekula wanga mwingi unaomeng'enywa haraka, kongosho likatoa insulini nyingi, na mshuko ukapita mstari wa kuanzia. Utafiti wa PREDICT uliochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Nature Metabolism ulihusisha mshuko wa aina hii, saa 2 hadi 3 baada ya mlo, na njaa zaidi na kula mapema zaidi. Ndiyo maana wenye ukurasa wa namna hii husema wanasinzia na papo hapo wanatafuta kitu kitamu.

Hiyo 84 lakini si "sukari kushuka" kwa maana ya kitabibu. Ugonjwa wa kushuka sukari baada ya mlo hauthibitishwi kwa kihisi. Unahitaji mambo matatu yanayojulikana kwa jina la daktari Allen Whipple tangu mwaka 1938: dalili zenyewe, sukari ya chini iliyopimwa kwenye damu wakati wa dalili, na dalili kuondoka sukari inapopanda. Mtu anayeona chini ya 70 kwenye simu, yaani milimoli 3.9 kwa lita, huku anatetemeka na kutoka jasho, achome kidole pale pale apime damu.

Sasa ukurasa wa pili wa mfano. Mlo mkubwa wenye mafuta mengi na wanga kidogo. Sukari: 94, 101, 108, 110, 109, 106. Mstari umelala kama mkeka. Usingizi: 3, 4, 6, 7, 7, 6. Kihisi kimesifu mlo huu, na mlaji hawezi kufanya lolote hadi jioni. Mafuta huchelewesha tumbo kumwaga chakula na huamsha homoni za utumbo, ikiwemo kolesistokinini, ambazo pamoja na kuleta shibe huhusishwa na kusinzia. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloonekana kwenye mstari wa sukari.

Kwa sababu hiyo programu zinazotoa alama kwa kila mlo tunazikataa kwa kazi hii. Zinatoza faini kila mpando na kuzawadia mstari ulionyooka, na mtumiaji mwaminifu anajikuta anapunguza wanga na kuongeza mafuta mlo baada ya mlo, alama zinapanda, usingizi uko palepale. Zima alama. Zima na tahadhari za sukari ya juu kama huna kisukari. Watu wazima wasio na kisukari hutumia karibu asilimia 96 ya muda wao kati ya 70 na 140, na safari fupi hadi 150 au 160 baada ya mlo mzito si ugonjwa.

Majaribio yanayolipa

Siku ya 2 hadi ya 5 kula kama kawaida na uandike. Usibadilishe chochote, hata kama unaona aibu na mchoro. Baada ya hapo chagua mlo mmoja tu, ule unaokulaza zaidi, na uuchezee.

Jaribio lenye faida kubwa kwa juhudi ndogo ni mpangilio wa kula. Chukua wali mweupe uliopikwa gramu 180, ambao una wanga wa takriban gramu 50, mayai mawili na bakuli la mboga za majani la gramu 150. Pima kwa mzani wa jikoni, usikadirie kwa kijiko. Siku ya kwanza anza na wali, dakika 10 baadaye mayai na mboga. Siku nyingine, saa ileile, anza na mboga na mayai, dakika 10 baadaye wali. Chakula ni kilekile, uzito uleule. Katika utafiti mdogo wa watu 11 wenye kisukari cha aina ya pili, uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Diabetes Care, kula wanga mwisho kulishusha sukari ya dakika ya 60 kwa asilimia 37. Asiye na kisukari asitegemee tofauti kubwa hivyo, ila mara nyingi mlima unakuwa kilima na mshuko unapoteza ukali. Rudia kila upande mara tatu. Kisha tazama namba za usingizi kwanza, za sukari baadaye. Kama mlima umepungua na usingizi haukupungua, sukari si mkosaji wako, na umelijua hilo kwa wiki moja.

Jaribio la pili ni kutembea dakika 10 hadi 15, mwendo wa kuweza kuongea, kuanzia ndani ya nusu saa baada ya kumaliza kula. Misuli inayofanya kazi huvuta sukari bila kungoja insulini nyingi. Wanaotembea saa moja na nusu baadaye hukuta mlima umeshapita na kusema kutembea hakusaidii.

La tatu ni kupunguza ukubwa. Theluthi mbili za mlo saa ya kawaida, theluthi iliyobaki saa mbili unusu baadaye. Halina mvuto na hakuna programu inayolisifu, lakini kwa usingizi unaotokana na ujazo na mafuta ndilo linalofanya kazi.

La nne halihusu chakula kabisa, na lingepaswa kuwa la kwanza: sogeza mlo wa mchana mbele kwa saa mbili, siku mbili au tatu. Mwili una mteremko wake wa mchana, kati ya saa saba na saa kumi hivi, unaokuja hata kwa asiyekula. Kama umekula saa tisa na namba ya usingizi imepanda saa nane ukiwa bado na njaa, basi mlo ulikuwa unasingiziwa. Kinachouzidisha mteremko huo ni usingizi pungufu wa usiku, na hapo hakuna kihisi kitakachosaidia. Anayelala chini ya saa 6 aanze kwa kulala vya kutosha kila usiku kwa wiki nzima, ndipo anunue. Jaribio hili lisifanywe na anayetumia insulini au dawa zinazosukuma kongosho kutoa insulini.

Tuondoe na dhana moja iliyozoeleka, kwamba damu yote hukimbilia tumboni ikaacha ubongo mkavu. Damu ya tumboni huongezeka kweli, lakini ubongo hulinda sehemu yake kwa nguvu. Maelezo yenye uzito zaidi yako kwenye ubongo wenyewe: zipo seli zinazotoa oreksini, kemikali inayotuweka macho, na majaribio ya maabara yameonyesha kwamba sukari ikipanda seli hizo hupungua kazi. Huenda hiyo ndiyo sababu baadhi ya watu hulegea kileleni, si kwenye mteremko.

Kifaa cha pili kinachostahili kuwa mezani

Kwa mtu mzima wa umri mkubwa, au mwenye kisukari cha muda mrefu, au mwenye ugonjwa wa Parkinson, au anayetumia dawa za presha, kipima presha cha mkononi kina thamani kuliko kihisi cha sukari. Presha inaweza kushuka baada ya kula. Kipimo kinachotumika ni namba ya juu kupungua kwa 20 au zaidi ndani ya saa mbili tangu mlo, au kuanguka chini ya 90 wakati kabla ya mlo ilikuwa juu ya 100. Dalili zake ni usingizi mzito, kizunguzungu, macho kuingia giza anaposimama, na watu wa nyumbani husema tu "mzee akishakula hulala".

Kaa dakika 5 kabla ya kula, pima. Kula. Pima tena dakika ya 30, 60, 90 na 120, ukiwa umeketi vilevile. Mkanda uvaliwe mkono usio na kihisi, kwa kuwa mbano wake unavuruga usomaji. Namba zikishuka kama hapo juu, maji ya kunywa mililita 350 hadi 480 kabla ya mlo, milo midogo na wanga pungufu husaidia wengi. Asiyeruhusiwa maji mengi kwa ajili ya moyo au figo aulize kwanza. Saa za kumeza dawa za presha zibadilishwe na daktari, si na mgonjwa mwenyewe.

Anayetaka jibu bila kihisi

Mashine ya kawaida ya kuchoma kidole inalijibu swali hili kwa milo michache iliyochaguliwa. Vijiti 6 vya kupimia kwa mlo: kabla, kisha dakika ya 30, 60, 90, 120 na 180. Milo minne ni vijiti 24. Kinachokosekana ni mstari kati ya nukta. Kinachopatikana ni damu yenyewe, bila kuchelewa. Kiwango cha kimataifa cha ISO 15197 cha mwaka 2013 kinadai mashine hizi, katika vipimo 95 kati ya 100, zisikosee zaidi ya asilimia 15 kwa sukari ya 100 na zaidi, au miligramu 15 kwa iliyo chini ya hapo.

Osha mikono kwa maji na sabuni, kausha kabisa. Kidole kilichomenya tunda kinaweza kuonyesha namba ya kutisha isiyo ya damu yako. Choma ubavu wa ncha ya kidole, si katikati penye maumivu. Kopo la vijiti lifungwe mara tu unapotoa kimoja, unyevunyevu unaviharibu bila dalili ya nje. Kwa anayehesabu pesa, tunapendekeza aanzie hapa. Ikionekana milima na mshuko mkali, ndipo kihisi kinapata sababu.

Nani asikinunue

Mwenye kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na kupungua uzito bila kupenda asipoteze wiki mbili. Anahitaji kipimo cha sukari cha hospitali wiki hii, na HbA1c, kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi iliyopita: asilimia 5.7 hadi 6.4 ni hatua ya kabla ya kisukari, 6.5 na kuendelea ni kisukari kikithibitishwa. Anayekoroma na kuamka na kichwa kizito achunguzwe usingizi, huenda pumzi inakatika usiku. Mwenye hedhi nzito, rangi iliyopauka au moyo unaokwenda mbio akipanda ngazi apimwe wingi wa damu na akiba ya chuma, yaani feritini. Anayehisi baridi wenzake wakiwa sawa, ngozi imekauka na uzito unaongezeka, apimwe tezi ya shingo. Aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo, kisha anapata jasho, mapigo ya kasi na kulegea dakika 10 hadi 30 baada ya mlo, au saa 1 hadi 3 baadaye, arudi kwa waliompasua. Hali hiyo ina jina na ina matibabu. Na aliyewahi kuhangaika na kujinyima chakula au kukihofia, kifaa kinachotoa namba kwa kila tonge si rafiki yake.

Siku ya 14 kihisi hujizima. Paka mafuta kidogo ukingoni, subiri dakika 5, inua upande mmoja na ukivue polepole kama plasta. Alama nyekundu kwa siku moja ni ya kawaida. Malengelenge au muwasho unaoenea ni mzio wa gundi, na kingine cha aina hiyo kisibandikwe. Kikombe chenye sindano kitupwe ndani ya chombo kigumu kisichotoboka, si kwenye mfuko wa taka.

Kihisi cha pili kisifuate papo hapo. Kama kurasa za daftari zimeonyesha mshuko mkali na umebadilisha mpangilio wa kula, fanya hivyo wiki 6 hadi 8, ndipo ubandike kingine kwenye mkono uleule na uurudie mlo uleule wa wali wa gramu 180. Kama kurasa zimeonyesha mstari uliolala na usingizi uliosimama, pesa ya kihisi cha pili iende kwenye kipima presha au kwenye vipimo vya damu, na daftari liende nawe kwa daktari likiwa na saa, uzito wa chakula na zile namba 1 hadi 9.